Hewa ya Asiyeweza Kuondoka

Mhadhara juu ya uvutaji wa sigara hadharani, uliotolewa mbele ya wakazi wa Maneromango, Wilaya ya Kisarawe



Nilipoletewa ujumbe kwamba natakiwa kuja Maneromango kuzungumza juu ya suala la kupigwa marufuku uvutaji wa sigara mahali pa umma, kitu cha kwanza kilichonishika kilikuwa ni haya, kwa sababu mimi ninayewahutubia nimevuta sigara kwa miaka 22, nikianza kwa kuokota vipisi vya mjomba wangu na kuishia kununua pakiti nzima kila kulipopambazuka, na katika hadhara hii wamo wazee wenzangu wawili au watatu ambao tuliwashiana kwa njiti moja ya kibiriti mara zisizo idadi. Sikuja, basi, kusema nanyi kama mtu aliyezaliwa msafi. Nimekuja kama mdaiwa anayelijua deni lake, na kabla sijafika mwisho nitawaambia deni hilo ni la nani.

Mtu mwenye kufuatilia mambo anaweza kuniambia kwamba suala lenyewe limekwisha kuamuliwa, na kwamba kulijadili leo ni sawa na kukaa kikao cha posa ilhali bibi harusi amekwisha kuzaa. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Bunge letu lilitunga Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku mwaka 2003, na sheria hiyo ilikataza kuvuta katika maeneo kadhaa ya umma, yakiwemo ya tiba, ya ibada na ya usafiri, ingawa iliacha nafasi ya kutengwa sehemu maalumu kwa wavutaji. Kisha mwaka 2007 nchi yetu ikaridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao ibara yake ya 8 inazitaka serikali ziwakinge raia na moshi wa tumbaku wa watu wengine. Tukienda kwa jirani, Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2007, na Uganda mwaka 2015, na hao Waganda wakapiga hatua ndefu zaidi, wakasema mtu asivute karibu na mahali pa umma kwa umbali wa mita 50. Ningependa kumwona bwana afya wetu akipima mita hizo 50 hapa sokoni, maana ukitoka mita 50 kwenye duka umekwisha fika kwenye msikiti, na ukitoka mita 50 kwenye msikiti umeingia ghalani, na nadhani mvutaji angejikuta akitembea hivyo mpaka amefika Mzenga, akapanda treni ya TAZARA na sigara yake haijawashwa.

Lakini kuwapo kwa sheria katika kitabu na kuwapo kwake barazani ni mambo mawili, na kwa mtazamo wangu sababu ya kutengana kwake si uvivu wa askari wala ukaidi wa raia peke yake. Sababu ni kwamba sheria za namna hii zilibuniwa kwanza katika nchi za baridi, ambako mahali pa umma ni nyumba yenye kuta nne na mlango, na mwenye nyumba huweza kubandika tangazo juu ya mlango huo, na mwenye kutaka kuvuta akatoka nje. Sisi mlango wetu uko wapi? Mahali petu pa umma ni baraza ya duka. Ni kivuli cha mwembe. Ni kituo cha basi ambacho hakina hata paa. Ni kilabu cha mnazi chenye makuti juu na uwazi pande zote. Ni turubai la msiba. Ni ghala la chama cha msingi siku ya kupima korosho, ambapo watu wanashinda tangu alfajiri hadi alasiri wakingoja magunia yao yaitwe. Mtu akiambiwa atoke nje, naye yuko nje tayari, atacheka, na kicheko chake kitakuwa na hoja.

Kwa hiyo nimejiuliza kwa muda mrefu: ikiwa ukuta na mlango havitufai kuwa mpaka, mpaka wetu ni upi? Na jibu nililolipata sikulipata kitabuni, bali nililipata ndani ya basi, na ndilo deni nililolitaja.

Ilikuwa ni masika, miaka mingi iliyopita, katika basi moja lililokuwa likitoka mjini kuja huku, wakati barabara baada ya kuliacha Boma la Kisarawe ilikuwa ni tope tupu na safari ikichukua nusu ya siku. Mvua ilikuwa kubwa, na madirisha yote yamefungwa. Mimi nilikaa upande wa ndani, na dirishani alikaa mwanamke kijana aliyempakata mtoto wa kiume wa kama miaka miwili, na chini ya miguu yake kulikuwa na kapu na dumu la mafuta ya taa. Nikawasha sigara yangu kama kawaida, na wala sikuwa peke yangu, kwani dereva naye alikuwa na yake. Mtoto akaanza kukohoa, kisha kifua chake kikaanza kulia kile kilio chembamba cha pumu ambacho mzazi yeyote aliyewahi kukisikia usiku hakisahau. Yule mwanamke akanigeukia, akaniamkia upya ijapokuwa tulikwisha kuamkiana, akasema kwa sauti ya chini sana, "Shikamoo, baba. Samahani, mwanangu ana kifua." Hakusema zaidi ya hayo. Hakusema nizime. Nami, ndugu zangu, nilifanya jambo nililoliona wakati ule kuwa ni jamala: nilinyoosha mkono nikafungua dirisha lake kidogo ili moshi utoke, mvua ikaingia ikamlowesha yeye na mtoto, nami nikaendelea kuvuta mpaka sigara ikafika kwenye vidole. Alimfunika mtoto kwa upande wa kanga yake, akanyamaza hadi tulipofika.

Nimelirejea jambo lile mara nyingi, na kila nikilirejea naona kwamba mwanamke yule alikuwa amefungwa kwa kamba mbili. Kamba ya kwanza ni kwamba hakuweza kuondoka: basi linakwenda, mvua inanyesha, nauli imelipwa, na nyumbani ni mbali. Kamba ya pili, nayo ndiyo ngumu, ni kwamba hakuweza kusema. Kwa sababu mimi nilikuwa mkubwa kwake, na yeye alilelewa vema, na katika malezi yetu mtoto wa watu hamwambii mtu wa makamo ya baba yake azime sigara. Alichoweza kufanya ni kuniamkia mara ya pili, na mwenye masikio angeelewa, lakini mvutaji hana masikio mpaka sigara iishe.

Hapo ndipo ninapouweka mpaka wangu. Mahali pa umma, kwa maana inayohusu moshi, ni kila mahali ambapo yupo mtu asiyeweza kuondoka bila ya kupata hasara. Abiria hawezi kuondoka. Mgonjwa anayengoja kwenye benchi la zahanati hawezi. Mkulima aliyekwisha kupanga magunia yake hawezi, maana akitoka atapoteza zamu. Mfiwa hawezi kuuacha msiba wake, na mtoto aliye mgongoni mwa mamaye hawezi kuondoka popote. Kipimo hiki hakihitaji ukuta wala tangazo la chuma, na mtu asiyejua kusoma atakipima kwa macho yake.

Sasa nigusie ule moshi wenyewe unafanya nini, nami nitachukua mfano usiohitaji kwenda maabara, kwa kuwa Kisarawe ni nchi ya wachoma mkaa na hakuna hapa asiyejua kwamba jiko la mkaa likiingizwa chumbani usiku, milango ikafungwa, waliolala wanaweza wasiamke. Kinachowaua ni hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kukalia nafasi ya hewa safi. Hewa ileile imo katika moshi wa sigara, kwa kiasi kidogo, pamoja na kemikali nyingine ambazo wataalamu wamezihesabu kuwa zaidi ya 7,000, na miongoni mwake zipatazo 70 zinajulikana kusababisha saratani. Na jambo ambalo wavutaji wengi hatukuwa tukilijua ni kwamba moshi unaofuka kwenye ncha ya sigara, ule usiopita katika kinywa cha mvutaji wala katika kichungi, ndio mchafu zaidi, na huo ndio sehemu kubwa ya zawadi tunayompa jirani. Mwaka 1981 tabibu mmoja wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wake wapatao 91,000 wasiovuta sigara, akaona kwamba wale ambao waume zao walivuta walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta, na kadiri mume alivyovuta zaidi ndivyo mke alivyokuwa hatarini zaidi. Wenye viwanda walimpinga sana, na uchunguzi mwingine uliofuata ukamthibitisha. Leo Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao ni watu wasiovuta, waliodhuriwa na moshi wa wengine.

Najua lililomo katika vifua vya akina mama walioketi kulia, kwa sababu mmoja wao alinieleza kabla sijasimama. Aliniuliza: huu moshi wa mafiga tunaoupuliza asubuhi na jioni, macho yakatoka machozi, mbona hamji kuuhutubia? Swali hili ni la haki, wala sitalikwepa. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha unaua, na watoto wadogo wanapata homa ya mapafu kwa sababu yake. Na endapo ningelazimika kuchagua kati ya kuondoa sigara zote za Maneromango na kuondoa moshi katika majiko yote ya Maneromango, sina shaka kwamba ningechagua majiko. Lakini hatulazimiki kuchagua. Moshi wa kuni una chakula juu yake, na mama hana njia nyingine ya kukiivisha mpaka apatiwe nishati iliyo bora. Moshi wa sigara hauna chungu juu yake. Na yule mama aliyekwisha kula moshi jikoni tangu saa kumi na moja ana haki kubwa zaidi, wala si ndogo zaidi, ya kutoongezewa mwingine akiwa ndani ya basi.

Wengine watauleta mjadala wa uhuru, nao ni mjadala wa zamani kuliko tunavyodhani. Tumbaku ilipoingia katika nchi za Kiislamu, yapata mwanzo wa karne ya 17, wanavyuoni waligawanyika vibaya sana: wapo walioiharamisha, na wapo, kama Ali al-Ajhuri wa Misri, walioandika kuihalalisha. Sultani Murad wa Nne wa Uturuki yeye hakungoja wanavyuoni wakubaliane. Aliipiga marufuku mwaka 1633 na kuweka adhabu ya kifo, na watu wakauawa kweli, wala tumbaku haikwisha. Alipofariki mwaka 1640 hazikupita siku nyingi watu wakarejea kuvuta waziwazi. Mfalme James wa Uingereza naye alikwisha kuandika kitabu cha kuitukana tumbaku mwaka 1604, akapandisha ushuru wake, na hazina yake ikazoea ushuru huo, kama hazina za wengi wetu zilivyozoea. Nayataja haya ili nionyeshe kwamba siungi mkono kumfukuza mvutaji duniani. Mtu mzima aliyeketi peke yake shambani kwake, upepo ukimchukulia moshi wake porini, amejidhuru nafsi yake, na hesabu yake ni kati yake na Mola wake, mradi akizime vizuri kipisi chake kwa sababu mikorosho wakati wa kiangazi haina msamaha.

Lakini uhuru huo unapoingia katika pua ya mwingine hubadilika jina. Sisi Waislamu tuna mafundisho mashuhuri katika hadithi kwamba aliyekula kitunguu thaumu kibichi asiwakaribie wenzake msikitini. Na kitunguu thaumu ni chakula cha halali, tena ni dawa, na kosa lake ni harufu tu. Kama harufu ya chakula cha halali yatosha kumweka mtu mbali na safu, seuze moshi wenye sumu. Na ndugu zetu Walutheri, ambao kanisa lao limesimama hapa Maneromango tangu siku za wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, sijawahi kusikia kwao mchungaji aliyewasha sigara madhabahuni. Nyumba za ibada hazikungoja Bunge. Zilijua muda wote kwamba mwenye kusali hatakiwi kuhamishwa na moshi wa jirani.

Juu ya riziki za watu nitasema kwa ufupi. Kila anayetoka huku kwenda Kariakoo kwa ile barabara tuliyoizoea kwa jina la Pugu hupita karibu na kiwanda cha sigara kilichopo tangu mwaka wa uhuru, 1961. Wapo waliosomesha watoto kwa kazi ya pale, na wapo wakulima wa Urambo na Tabora wanaoishi kwa jani hilo, huku miombo yao ikiishia katika mabani ya kulikaushia. Hao hawapotezi shamba kwa sababu mzee mmoja wa Maneromango amezima sigara ndani ya basi. Jani lao jingi huuzwa ng'ambo.

Linalonishughulisha zaidi ni kilabu. Nimewasikia watu wema wakisema kwamba kilabuni tuwaache, maana aendaye kunywa mnazi amekwenda kwa hiari yake hali akijua moshi umo. Huyo mnywaji nakubali kuwa anaweza kuondoka, ijapokuwa saa nyingine kuondoka kwake ni kwa kushikwa mkono. Lakini yupo mtu wa pili pale ambaye hatumhesabu: yule mama anayepima na kumimina, anayefika saa nne asubuhi na kuondoka usiku, na mara nyingi mtoto wake mchanga amelazwa juu ya mkeka nyuma ya mapipa. Yeye ndiye asiyeweza kuondoka. Ireland ilipokataza kuvuta katika mabaa yake mwezi Machi 2004, hoja iliyoshinda ilikuwa ni hiyo, afya ya mfanyakazi; na watu waliokuwa wakiapa kwamba mabaa yatafungwa walionekana baadaye wamesimama nje barabarani na sigara zao, wakilalamika juu ya baridi. Waskoti wakafuata mwaka 2006, na huko likatokea jambo ambalo kwangu mimi, mwenye deni la mtoto wa pumu, lina uzito wa pekee: idadi ya watoto waliolazwa hospitali kwa pumu, ambayo ilikuwa ikipanda kila mwaka, iligeuka ikashuka kwa zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka. Walichokatazwa wazazi ni kuvuta katika mabaa na mahali pa kazi, si nyumbani. Watoto hawamo mabaani. Na bado watoto walipona. Yaelekea mtu akizoea kutoka nje kwa ajili ya watu baki, huona aibu kukaa ndani kwa ajili ya mwanawe.

Je, nani atamwambia mzee azime? Hili ndilo swali la kwetu hasa, na nadhani Wazaramo tunalijua kuliko watunga sheria wa Dodoma. Kijana hawezi kumwambia. Mkwe ndiyo kabisa. Kondakta ataogopa kupoteza abiria, na mwenye msiba hawezi kumkemea mtu aliyekuja kumpa pole. Faini kubwa haitatusaidia, kwa sababu faini kubwa haitozwi. Mtendaji wa kijiji hatamfunga babu yake kwa sigara moja iliyonunuliwa kibandani. Faida ya marufuku, kwa maoni yangu, haiko katika adhabu yake. Iko katika ulimi inaompa asiye na ulimi. Lau siku ile katika basi kungekuwa na desturi iliyokwisha kutangazwa, yule mwanamke asingehitaji kunivunjia heshima. Kondakta angesema kwa niaba ya wote, "Mzee, humu hatuvuti," na mimi ningezima bila ya kuaibika, kwa sababu ningekuwa nimelitii jambo la wote, si kwamba nimeamrishwa na binti. Sheria ndogo ya kijiji iliyopitishwa katika mkutano mkuu, wazee wenyewe wakiwa wa kwanza kunyoosha mikono, inaweza kufanya kazi hiyo kwa gharama ya ukurasa mmoja wa karatasi. Ningependelea maneno yake yasemwe na wazee wavutaji, maana mtu akikatazwa na mwenziwe wa kibiriti hana pa kukimbilia.

Mzee mmoja rafiki yangu, ambaye jina lake nalihifadhi ingawa nyote mmekwisha kumtazama, aliniuliza jana jioni swali la kweli: "Basi sisi tuliobaki nayo tutavutia wapi?" Nimelifikiria usiku kucha, kwa kuwa anayemnyima mtu mahali hana budi amwonyeshe pengine. Leo asubuhi tukazunguka pamoja, yeye na mimi, tukaona gogo la mwembe ulioanguka kule nyuma ya soko, mbali na kisima na mbali na njia ya shule. Akakaa, akawasha, akautazama moshi wake ukielekea porini, akasema panafaa. Nikamwambia panafaa leo kwa sababu ni kusi. Ukija upepo wa kaskazi moshi wote utageuka na kuwarudia wauza mboga. Akanyamaza kidogo, akasema basi gogo lisichimbiwe, vijana watakuwa wakilisogeza.